Alipata Ngapi? Mazungumzo na Wazazi na Vijana Baada ya Matokeo ya KCSE

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti katika kikao cha wazazi na vijana waliofanya KCSE ya 2024.

 

Nianze kwa kukiri jambo. Kila matokeo yanapotangazwa, sisi wanahabari hukimbilia nyumba zenye vigelegele. Tunampiga picha mtahiniwa akiwa amebebwa juu juu, mama akicheza, nyanya akilia kwa furaha. Hata jarida letu la kaunti hufanya hivyo. Nyumba ya jirani, ambayo mlango wake umefungwa mchana kutwa, hatupigi hodi. Leo nimekuja kupiga hodi katika nyumba hiyo.

Walio ndani ni wengi. Katika KCSE ya 2024, watahiniwa 962,512 walifanya mtihani. Waliopata C+ na zaidi, yaani alama ya kumwezesha mtu kujiunga na chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa 246,391. Ni kama mmoja kati ya wanne. Waliosalia ni zaidi ya laki saba. Haiwezekani wote hao wawe wavivu, wala wazazi wao wote wawe wamelea vibaya.

Mimi pia niliwahi kuwa miongoni mwao. Nilifanya KCSE mwaka wa 2008. Tangu darasa la saba, watu wa kijijini walikuwa wakiniita daktari. Matokeo yalipobandikwa shuleni, nilikuwa na C. Nilirudi nyumbani kwa miguu badala ya kupanda matatu, ili nichelewe kufika. Mama alisoma karatasi, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia. Baba hakusema kitu. Hakusema kitu siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwezi huo. Wageni walipokuja na kuuliza, "Alipata ngapi?", nilitokea mlango wa nyuma nikijifanya naenda kuteka maji.

Miaka mingi baadaye baba alinieleza kwamba hakuwa amenikasirikia. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili wa maziwa na kukopa kwenye chama ili nilipiwe karo, na aliona haya kukutana na watu waliomkopesha. Mimi niliusikia ukimya wake nikadhani anasema sina faida. Kumbe sote wawili tulikuwa tunaona haya, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Kwa hivyo wazazi wangu, sikuja kuwaambia msihuzunike. Karo mliyolipa ni jasho lenu. Kuna shamba lililokodishwa, kuna mkopo ambao bado mnaulipa. Huzuni hiyo ina haki yake. Lakini ipelekeni kwa mwenzako wa ndoa, kwa rafiki, kwa padri, kwa pasta au kwa imamu. Msimpe mtoto kama bili. Kijana wa miaka kumi na minane akisikia "pesa zangu zote zimepotea bure", anaelewa kwamba yeye ndiye aliyepotea.

Kwetu aliyevunja ukimya ni shangazi. Alikuja Jumapili moja, na hakuuliza nilipata ngapi. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akauliza, "Sasa wewe mwenyewe ungependa kufanya nini?" Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza swali hilo maishani mwangu. Nilimjibu kwamba napenda redio. Akaenda kukaa na baba hadi jioni. Mwaka huo nikaanza diploma ya uanahabari. Nilifanya kazi, nikarudi darasani jioni, na baadaye nikapata shahada. Sikuwa daktari, na ng'ombe wale hawakurudi. Lakini baba husoma jarida hili, na husahihisha makosa yangu ya Kiswahili.

Sasa tuzungumze kuhusu hatua za kuchukua. KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi vyuoni, halishughulikii shahada peke yake. Mwenye C- anaweza kuomba kozi ya diploma. Mwenye D anaweza kuomba kozi ya cheti. Walio chini ya hapo, hata mwenye E, wana nafasi katika kozi za ufundi za ngazi ya kwanza. Kutoka ngazi moja mtu hupanda hadi nyingine: ufundi, cheti, diploma, kisha shahada kwa atakayetaka. Safari inakuwa ndefu zaidi, lakini njia ipo.

Hapa nyumbani, Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini. Huko vijana hujifunza umeme, uashi, mabomba, ushonaji, mapishi, urembo na ufundi wa magari. Nendeni mkaulize meneja wa chuo kilicho karibu kuhusu kozi na karo kabla ya kuamua. Mzazi, nenda na mtoto, na umwache aulize maswali yeye mwenyewe.

Mwenye shaka kuhusu matokeo yake aende mapema kwa mwalimu mkuu, kwa sababu malalamiko hupelekwa KNEC kupitia shule na yana muda maalum. Anayetaka kurudia mtihani anaweza kujisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi. Kurudia si aibu, ila uwe uamuzi wake, usiwe adhabu yenu.

Kuna jambo moja halingojei. Kijana akiacha kula, akijifungia, akianza kugawa vitu vyake, au akisema ni heri asingekuwepo, msimwambie aache mchezo. Kaeni naye, msimwache peke yake. Mwulizeni waziwazi kama anafikiria kujidhuru. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Mpelekeni hospitali, au pigeni simu bila malipo: 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu, au 116 ya kuwasaidia watoto.

Nyinyi vijana mlio karibu na mlango, najua kwa nini mmeketi hapo. Nami ningeketi hapo hapo. Ondokeni kwa muda kwenye yale makundi ya WhatsApp ambako kila mtu anatangaza alama zake. Mtafute mtu mzima mmoja mnayemwamini, na mmwambie ukweli wote, hata ile sehemu ambayo hamkusoma vya kutosha. Na mkiweza, mwambieni mzazi wenu neno hili: "Najua mlijinyima kwa ajili yangu." Baba yangu aliningojea miaka mingi kulisikia.

Mkifika nyumbani jioni hii, nawaomba jambo moja tu. Kabla mtu hajataja alama, aulize kama mtoto amekula.