Mgonjwa Hana Muda wa Kutafuta Kitufe



Tazama matangazo ya kampuni za tiba mtandao yanayopita kwenye simu yako. Rangi ni bluu au kijani, kuna moyo uliochorwa kwa mstari mmoja, kuna kijana wa koti jeupe anayetabasamu, na jina ni la Kiingereza. Ondoa majina na utashindwa kujua ipi ni ipi. Fedha za wabunifu zimekwenda huko, kwenye nembo, na sina ugomvi na nembo nzuri. Ugomvi wangu ni kwamba mgonjwa akishaivuka nembo hiyo anaachwa ahangaike peke yake.

Maana anayefungua huduma hii anaumwa, au amembeba anayeumwa. Ni saa nane usiku, mtoto anachemka homa, kioo cha simu kimepasuka, chaji inakata, bando ni la kuungaunga. Huyo ndiye anayeambiwa kwanza afungue akaunti, aweke barua pepe, kisha achague nywila yenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Barua pepe! Watu wangapi mtaani kwetu walifunguliwa barua pepe na fundi aliyewauzia simu, na nywila anaijua fundi tu? Namba ya simu inatosha. Mambo mengine aulizwe mtoto akishatulia.

Na bei? Mara nyingi inajitokeza mwisho kabisa, mtu ameshaeleza ugonjwa wake wote. Hata mganga wa kienyeji hutaja chake mapema.

M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, watu hawakuiamini kwa sababu ya rangi yake. Waliiamini kwa sababu ya ule ujumbe mfupi: umetuma kiasi fulani, kwa fulani, salio lako ni hili. Daktari wa simuni naye aache ushahidi wa namna hiyo. Jina lake na namba yake ya usajili katika baraza la madaktari, dawa aliyoandika na jinsi ya kuinywa, na mstari mmoja unaosema ukiona dalili hii na hii, usinipigie tena, kimbia hospitali. Ujumbe huo unasomeka hata kwenye kiswaswadu, na kesho yake muuguzi wa zahanati anaweza kuusoma na kujua pa kuanzia.

Kuna jambo la saa, ambalo ni dogo lakini linaharibu siku ya mtu. Mfumo umenunuliwa nje, ukatafsiriwa haraka haraka, unamwandikia mgonjwa kwamba miadi yake ni saa 9:00. Daktari anapiga asubuhi, hapati mtu. Mgonjwa anakaa alasiri na simu mkononi, akingoja. Kila upande unauona mwingine kuwa hauko makini. Kuandika "saa 3 asubuhi" hakugharimu hata senti.

Majirani zetu wa Rwanda waliliona mapema jambo la kumrahisishia mgonjwa njia. Huduma ya Babyl ilianza huko mwaka 2016, na hukuhitaji simu janja: unabonyeza nyota 811 reli, unajiandikisha, muuguzi anakupigia, na ikibidi anakupeleka kwa daktari. Ukiandikiwa dawa au kipimo, namba ya siri inaingia kwa ujumbe mfupi, unakwenda nayo duka la dawa au maabara. Zaidi ya watu milioni 2 walijiandikisha, katika nchi yenye watu kama milioni 13. Kisha mwaka 2023 kampuni mama ya Uingereza, Babylon, ikaanguka kifedha, na Babyl ikafungwa. Ubunifu ule haukuwa na kosa. Mfuko uliokuwa nyuma yake ndio uliotoboka. Kwa hiyo mteja ana haki ya kuuliza, na jibu liwe mahali pa wazi: mkifunga, faili langu linakwenda wapi?

Hapa Tanzania, huduma ninayoiona imebuniwa vizuri kuliko zote haina hata kioo cha kugusa. Ni m-mama, ya kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wakati wa dharura. Ilianzia Kanda ya Ziwa, na mwaka 2022 Rais Samia akazindua usambazaji wake nchi nzima. Unapiga 115 bila malipo. Anayepokea anauliza hali ya mgonjwa, anatafuta gari la wagonjwa, na lisipopatikana anamwita dereva wa jamii aliyekwisha kuandikishwa, ambaye analipwa kwa simu. Mama mkwe anaikumbuka namba hiyo gizani. Tarakimu tatu hizo ndizo nembo yenyewe.

Halafu simu zetu ni za nyumba nzima. Ujumbe wa majibu ya kipimo cha VVU au cha mimba ukitokea juu ya kioo kilichofungwa, umesomwa na shemeji kabla ya mwenyewe. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, sisi tumetunga yetu mwaka 2022, na zote mbili zinazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Basi ujumbe useme tu kwamba kuna majibu. Yaliyomo yafunguliwe kwa namba ya siri.

Nimalizie na msalaba mwekundu, ambao wabunifu wetu wanaupachika kwenye kila kitu kinachonukia dawa. Alama hiyo si ya biashara ya tiba. Ilikubaliwa mwaka 1864 ili askari wajue nani asipigwe risasi vitani, na Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 unakataza watu binafsi na kampuni kuitumia. Ikizoeleka kwenye maduka na programu za simu, siku ya vita haitamlinda mtu. Wenye huduma mlioiweka, iondoeni wiki hii. Na mkiwa mnamwita mbunifu kwa kazi hiyo, mwambieni aanze na ule ukurasa wa barua pepe.