Nani Anajua Nini Kazini?

Msikilizaji wetu wa Iyunga, Mbeya, kwenye viwanda na karakana za hapa mafundi wengi wamejifunza kazi kwa kushika spana. Sasa, fundi wa boila akiumwa, nani mwingine anaweza kuiwasha salama? Kama jibu analo msimamizi mmoja tu kichwani, kiwanda hicho kiko hatarini.

Dawa yake ni mwongozo wa umahiri, yaani orodha ya nani anaweza kazi gani. Mwongozo huu huanza na kazi yenyewe. Chukua karakana ya kuchomelea. Msimamizi anaandika kila kazi: kusoma mchoro, kuunga bomba lililosimama wima, kukagua kiungo kama kina tundu. Pembeni anapanga majina, na kila jina linapewa ngazi: anafanya akisimamiwa, anafanya peke yake, au anaweza kumfundisha mwenzake. Ngazi hupatikana kwa kuonekana ukifanya; kusema "naweza" hakutoshi. Panapobaki wazi ndipo mafunzo yanapohitajika.

Waajiri, nawasihi sana, orodha hii isigeuzwe fimbo ya kufukuzia watu. Mfanyakazi mwenye hofu ataficha asichokijua, na ajali huweza kuanzia hapo.

VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, hufundisha kwa msingi huu huu wa umahiri. Pia fundi aliyejifunzia mtaani anaweza kupimwa na kupata cheti cha ujuzi alionao. Fundi wa Iyunga, nenda VETA Mbeya ukaulizie upimaji huo, unaoitwa urasimishaji wa ujuzi. Nawe mwajiri, siku ya kupimwa mpe ruhusa bila kumkata mshahara.