Pikipiki yenye homa ya vipindi

Mgonjwa wa homa ya vipindi usiku hutetemeka mpaka kitanda kinalia. Asubuhi akifika zahanati joto limeshuka, anacheka na wauguzi, na mpimaji mwenye haraka atamwambia hana kitu, arudi nyumbani. Usiku unaofuata homa iko pale pale.

Juma hili nataka tuizungumze homa hiyo, lakini ya pikipiki. Najua wengi wenu hammiliki pikipiki. Lakini ni wangapi kati yetu hapa Dar es Salaam wanaomaliza juma zima bila kupanda bodaboda? Tangu mwaka 2010, Serikali ilipotoa kanuni za leseni za pikipiki na bajaji za kubeba abiria, chombo hiki kimekuwa miguu ya mji. Kinampeleka mtoto shule, mama mjamzito hospitali na gunia la vitunguu sokoni. Ugonjwa wake, basi, ni ugonjwa wetu sote.

Ugonjwa wenyewe uko hivi. Pikipiki inazima ghafla njiani. Dereva anapiga kiki mara tatu, mara nne, kimya. Anaisukuma hadi kwa fundi. Ikifika pale, kiki moja tu, inawaka kama haijapata kuumwa. Sasa fundi afanye nini? Aghalabu hukisia. Leo atasema ni plagi. Kesho ikizima tena, atasema ni koili. Keshokutwa ni CDI, kile kisanduku kidogo kinachoamuru plagi itoe cheche. Na kila kisio lina bei yake katika maduka ya spea ya Kariakoo.

Namfahamu kijana mmoja wa kijiwe cha mtaani kwetu ambaye katika mwezi mmoja alinunua plagi, koili, CDI na mwisho betri. Pikipiki si yake. Yuko kwenye mkataba, na kila jioni mwenye chombo anasubiri hesabu. Hesabu haiulizi kama pikipiki ilizima. Kijana akakopa kununua spea, akakopa tena kutimiza hesabu. Ndipo fundi mmoja mzee alipomwambia awashe injini, akaanza kukata usukani taratibu, kulia, kisha kushoto. Ulipofika mwisho wa kushoto, injini ikazima. Pale shingoni mwa usukani, ndani ya gamba la plastiki lililoonekana zima kabisa, waya unaotoka kwenye swichi ya ufunguo ulikuwa umekatika, ncha zake zinagusana na kuachana. Tiba yake ilikuwa kipande cha waya, risasi ya kuchomelea na utepe.

Mzee yule si mganga. Alijua tu kwamba hitilafu inayokuja na kuondoka haitafutwi kwa kubadilisha vitu. Hutafutwa kwa kuilazimisha ijitokeze. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: huzima lini? Kama huzima siku ya mvua au baada ya kuoshwa, huenda maji yameingia kwenye viungio vya waya, au kofia ya plagi ina ufa. Basi ipuliziwe maji kidogo, sehemu moja moja, injini ikiwa inaunguruma. Kama huzima kwenye mashimo, zikaguliwe ncha za betri, kishikio cha fyuzi, na ile boliti inayobana waya wa hasi kwenye chasi, maana kutu au rangi chini yake yatosha kukata umeme. Kama huzima ikishapata moto na kuwaka ikipoa, koili na CDI hushukiwa, lakini zipimwe zikiwa za moto, si baada ya fundi kwenda kunywa chai.

Swali la pili: ikizima, ni nini kingine kimekufa? Hapo hapo barabarani, dereva asogee pembeni, aache ufunguo ulivyo na apige honi. Honi na indiketa zikiwa zimekufa pamoja na injini, tatizo liko kwenye njia kuu ya umeme: betri, fyuzi, swichi ya ufunguo au waya wa hasi. Honi ikilia kwa nguvu, utafutaji uelekee upande wa cheche. Lakini taa kubwa isitumiwe kama shahidi, kwa sababu katika pikipiki nyingi ndogo hupata umeme wake kutoka kwenye injini, na injini ikisimama nayo huzima. Tena si kila kuzima ni umeme. Kitundu cha hewa kwenye mfuniko wa tangi kikiziba, petroli hugoma kushuka. Fungua mfuniko, ikiwaka, umeokoa bei ya koili.

Vipimo navyo vipo. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6. Injini ikikimbizwa kidogo, isome kati ya 13.5 na 14.5 hivi. Isipopanda, chaji haifiki, na betri mpya itakufa kama ile ya zamani. Hata hivyo mita nayo hudanganya. Waya uliobakiwa na uzi mmoja tu ndani yake, mita itasema ni mzima. Ukiunganishwa na balbu ya taa kubwa, balbu itafifia na ukweli utajulikana.

Na liko jambo moja la hatari. Fyuzi inapoungua mara kwa mara, wapo wanaoweka kipande cha waya au karatasi ya pakiti ya sigara mahali pake. Fyuzi inaungua ili waya usiungue. Ukiinyamazisha, moto utatafuta pengine pa kutokea, na tangi la petroli liko juu yake.

Ndugu zangu, kwa nini basi mafundi wanakisia? Ni wavivu? La hasha. Wanakisia kwa sababu sisi tunalipia kitu, hatulipii kutafuta. Fundi akiuza CDI, tunamlipa bila ubishi. Akitumia saa nzima kutikisa waya na kuuziba kwa utepe, tunamwambia: "Mzee, si umefunga utepe tu?" Na huyo asiyelipwa kwa kutafuta, kesho atakisia.

Kwa hiyo nawaomba wenye vyombo: pikipiki inapozimazima, siku ya uchunguzi ihesabiwe kuwa siku ya matengenezo, msimdai kijana hesabu kamili. Madereva, andikeni kila inapozima: saa ngapi, wapi, mvua au jua, na honi ilisemaje. Mafundi, tajeni bei ya kutafuta kabla ya kugusa skrubu. Nasi abiria tukumbuke kwamba injini inayozima saa nne usiku katikati ya Barabara ya Mandela, taa ikazima nayo na lori liko nyuma, haimwachi dereva peke yake gizani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tumlipe basi yule anayeinama.