Blanketi Kabla ya Juni

Msikilizaji, anayetoka Dar es Salaam akifika Uyole hupata njia mbili: anyooshe kwenda Mbeya mjini na Tunduma, au akate kushoto kwenda Tukuyu, Kyela, mpaka Kasumulu, mpakani mwa Malawi. Kwa miaka mingi vijana wa Ethiopia wanaotafuta Afrika Kusini wamekuwa wakipitishwa njia hizi, wengine wamefichwa katikati ya mizigo ya malori. Juni 2012, zaidi ya 40 walikutwa wamekufa mkoani Dodoma baada ya kukosa hewa ndani ya lori lililokuwa likielekea Malawi. Machi 2020 wakafa wengine 64 ndani ya kontena, kule Tete, Msumbiji.

Wanaokamatwa wakiwa hai tunawasikia kwenye taarifa ya habari wakiitwa wahamiaji haramu. Neno hilo linaniuma. Haramu ni nyama, haramu ni mali ya wizi. Kijana ambaye kwao wameuza ng'ombe ili dalali alipwe, kosa lake lina sheria yake na mahakama yake. Yeye mwenyewe si haramu.

Wengi hutoka kusini mwa Ethiopia, pande za Hadiya na Kembata, ambako Waprotestanti ni wengi. Huko lipo kanisa la Mekane Yesus, la Kilutheri, ndugu wa KKKT ndani ya Shirikisho la Kilutheri Duniani. Basi huyo aliyelala mahabusu Jumamosi huenda ni mwanakwaya. Jumapili asubuhi anasikia kengele ya usharika, na humo kanisani hakuna anayejua kwamba yupo.

Nasi Wamoraviani tuna deni la pekee. Mwaka 1722 wakimbizi kutoka Moravia walipewa pa kukaa kwenye ardhi ya Zinzendorf, Ujerumani, wakajenga Herrnhut. Katika kijiji hicho cha wakimbizi ndiko ilikoanza misheni iliyofika Rungwe mwaka 1891. Tungekuwa wapi leo kama wangefukuzwa? Hata Nyanda hizi za Juu Kusini zimewahi kupokea watu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wapoland, wengi wao wanawake na watoto, waliwekwa Ifunda, mkoani Iringa, na Kidugala, palipokuwa na misheni ya Kilutheri. Waliofia huko walizikwa huko huko.

Sisemi tumfiche mtu. Sheria inakataza, na kumficha ni kumrudisha mikononi mwa dalali yule yule. Lakini kumtembelea mfungwa kwa ruhusa ya gereza hakujakatazwa. Apelekewe blanketi, sabuni na kandambili. Atafutwe mtu anayejua Kiamhari, maana kijana anayesomewa shtaka asilolielewa anaitikia tu. Na kwa utaratibu wa magereza, mama yake aambiwe kwamba yu hai. Kwangu mimi hilo la mwisho linazidi hata blanketi.

Halafu kuna nauli. Wamewahi kuwapo waliomaliza kifungo wakaendelea kubaki gerezani kwa kukosa njia ya kurudi kwao, mpaka Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, likawasafirisha. Sisi tunachangia bati, tunachangia kinanda, na harambee hujaa. Nauli ya mtu mmoja haitushindi.

Wapo pia waliokwisha kuhamia, kama Mmalawi anayefanya kibarua kwenye mashamba ya viazi. Huyo jirani aalikwe kwenye jumuiya, akiugua aulizwe hali, na akimaliza kibarua alipwe sawa na mwenzake wa hapa.

Wazee wa ushirika, wachungaji, mapadre na makatekista wa Uyole, nawaomba. Juni baridi ya hapa hupenya hata koti. Barua ya kuomba ruhusa kwa mkuu wa gereza iandikwe wiki hii, na Jumapili ijayo blanketi zianze kukusanywa.