Mawe ya Nyongo: Si Kila Maumivu ya Tumbo ni Vidonda

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Leo hatukusimama kusema juu ya mishahara, ingawa mtaona mwisho wa maneno yetu kwamba mshahara nao umo. Twataka kusema juu ya ugonjwa ambao mtu aweza kukaa nao miaka mingi bila kujua, na tena aweza kuutibu kwa dawa isiyo yake. Ugonjwa huo ni mawe ya nyongo.

Jambo lenyewe lilitujia hivi. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wanne, kazi yake kufunga maboksi, aliumwa na tumbo usiku, mara kwa mara, kwa muda wa mwaka mzima. Kila alipokwenda kutibiwa aliambiwa ni vidonda vya tumbo, akapewa dawa ya kupunguza asidi. Maumivu yaliondoka, kisha yakarudi. Siku alizokosa kazini zikahesabiwa, akaandikiwa barua ya onyo. Mwisho macho yake yakageuka manjano, akakimbizwa hospitali. Huko alipigwa picha, mawe yakaonekana. Sasa amepona. Lakini twajiuliza, mwaka ule ulipotea kwa nini? Ulipotea kwa sababu yeye hakuulizwa vizuri, wala sisi wenzake hatukujua la kumwambia. Basi tujifunze.

Nyongo ni maji machungu yanayotengenezwa na ini ili kusaga mafuta tunayokula. Chini ya ini, upande wa kulia, kuna mfuko mdogo unaoyaweka akiba. Tukila chakula chenye mafuta, mfuko hujikaza na kuimwaga nyongo matumboni. Wakati mwingine nyongo hugandamana ndani ya mfuko ikawa mawe, mengine madogo kama mchanga, mengine makubwa kama yai la njiwa. Mawe mengi hutokana na mafuta ya mwilini yaitwayo kolesteroli. Mengine hutokana na damu inayovunjika upesi, na kwa hivyo wenye ugonjwa wa selimundu huweza kuyapata wakiwa bado vijana.

Mawe haya huwapata wanawake kuliko wanaume, hasa waliozaa, na watu waliopita miaka 40. Huwapata pia wanene, waliokonda kwa haraka sana, na wale ambao ndugu zao waliyapata. Lakini mwanamume mwembamba asidhani kwamba yeye hayamhusu.

Tena sikilizeni vizuri: wengi wenye mawe, kama watu 8 katika kila 10, hawaumwi hata kidogo. Jiwe likionekana kwa bahati katika picha iliyopigwa kwa sababu nyingine, nawe huna maumivu, kwa kawaida huachwa lilivyo. Asikutishe mtu akakuuzia dawa.

Taabu huanza jiwe likiziba mlango wa mfuko. Maumivu yake yana tabia yake. Hukaa chini ya mbavu za kulia au katikati juu ya kitovu, na huweza kwenda mgongoni au kwenye bega la kulia. Huja mara nyingi baada ya chakula cha mafuta, au usiku. Hupanda, yakashika kwa nguvu nusu saa au saa kadhaa, kisha yakaacha kabisa mpaka siku nyingine. Mtu hutapika, hugaagaa, hapati namna ya kulala. Vidonda vya tumbo kwa kawaida huunguza kama moto, na dawa ya asidi huvituliza. Lakini dawa hiyo haiwezi kuondoa jiwe. Kama umeimeza wiki nyingi na maumivu yangali yanarudi vile vile, rudi kwa daktari ukamwambie hivyo.

Ukifika, usiseme tu, "Tumbo laniuma." Eleza ni mahali gani, yalianza saa ngapi, ulikuwa umekula nini, yalikaa muda gani na yalikwenda wapi. Daktari atabonyeza chini ya mbavu za kulia na kukuambia uvute pumzi. Pumzi ikikatika kwa maumivu, hiyo ni dalili ya mfuko uliovimba. Atapima damu aone hali ya ini na kama kuna uvimbe.

Kipimo kinachoonyesha mawe mfukoni ni picha ya mawimbi ya sauti, yaani ultrasaundi. Haiumi wala haina miale. Watu hufunga kula kwa saa 6 au 8 kwanza, ili mfuko ujae uonekane. Picha ya eksirei ya kawaida haionyeshi mawe mengi. Kamera inayoshuka kooni kutazama tumbo huona vidonda, lakini haioni ndani ya mfuko wa nyongo. Kwa hivyo uliza kwa adabu: "Daktari, je, yafaa nipigwe ultrasaundi?" Kuuliza si utovu wa heshima.

Ziko dalili ambazo hazingoji asubuhi. Maumivu yakipita saa 6 bila kuacha, homa na kutetemeka, macho kuwa manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, na choo kuwa cheupe, kutapika kusikokoma. Hapo mfuko huenda umeoza, au jiwe limetoka likaziba njia ya nyongo, au limeumiza kongosho. Watu hufa kwa mambo haya. Nenda hospitali usiku huo huo. Na mtu mzima akishikwa na maumivu juu ya tumbo pamoja na jasho na kukosa pumzi, huenda ni moyo, naye asingoje.

Sasa dawa yake. Maumivu hutulizwa kwa dawa anayoichagua daktari, na kupunguza vyakula vya mafuta husaidia kidogo. Iko dawa ya kuyeyusha mawe, lakini hufaa mawe madogo ya kolesteroli tu, humezwa kwa miezi mingi, na mara nyingi mawe hurudi. Wako wanaotangaza mafuta ya zeituni na ndimu, na mtu huonyeshwa vidonge vya kijani chooni akaambiwa ni mawe yametoka. Vile huwa ni mafuta yaliyogandamana kama sabuni tumboni. Mawe yako bado mahali pake.

Kwa anayeumwa, tiba ya hakika ni kuutoa mfuko wenyewe. Upasuaji huu si mgeni: daktari Carl Langenbuch aliufanya mara ya kwanza Berlin mwaka 1882. Tangu mwaka 1985, alipoanza Erich Mühe huko huko Ujerumani, hufanywa pia kwa matundu madogo na kamera. Mgonjwa wa matundu madogo mara nyingi hurudi nyumbani siku ya pili, na kazi nyepesi huiweza baada ya wiki moja au mbili. Aliyepasuliwa kwa mkato mkubwa huhitaji wiki kama 6 kabla ya kubeba mizigo. Mtu huishi vizuri bila mfuko ule, kwani ini laendelea kutengeneza nyongo. Wengine huharisha kidogo mwanzoni.

Hapa ndipo mshahara unapoingia. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30, yasema mfanya kazi aliyemaliza miezi 2 mfululizo anastahili katika mwaka siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 nyingine kwa nusu mshahara. Lakini lazima ulete cheti cha daktari, au cha msimamizi wa dispensari anayetia sahihi kwa niaba yake, na umpashe mwajiri habari mapema iwezekanavyo. Mwenzetu alikuwa hana hata cheti kimoja cha mwaka ule. Barua ya onyo iliondolewa baada ya mjumbe wetu kupeleka karatasi za hospitali kwa meneja, lakini siku zilizokatwa hazikurudi. Basi kila uendapo kutibiwa, rudi na karatasi, uiweke.

Tena hesabuni wenyewe: siku 14 hazitoshi mbeba mizigo aliyepasuliwa mkato mkubwa. Sheria imetoa kiasi cha chini tu. Zaidi ya hapo hupatikana katika mapatano kati ya chama na mwajiri, na hilo twataka mlikumbuke tutakapokaa mezani.

Mwisho, tangu Oktoba 2024 SHA imeshika mahali pa NHIF, na asilimia 2.75 ya mshahara wetu hukatwa kila mwezi. Hakikisheni makato yenu yamefika na jamaa zenu wameandikishwa, na ulizeni hospitali mapema ni gharama gani zitalipwa. Si vema kuuliza ukiwa tayari juu ya kitanda.

Ndugu, ukimwona mwenzako ameshika ubavu wa kulia usiku wa zamu, usimcheke kwamba amekula sana. Mwambie maneno haya, na ukiweza, mfuate mpaka hospitali.

Umoja ni nguvu.