Mbele ya mwenyekiti

Tuseme mtafiti amefika kijiji cha pwani, kati ya Mtwara na Mto Ruvuma. Awakusanya wavuvi mbele ya mwenyekiti, auliza: "Nani hapa avua kwa baruti?" Atajibiwa: hakuna. Hapo amepima haya ya watu mkutanoni, hajapima uvuvi.

Saikolojia ya jamii yatufunza kumwuliza kila mmoja faraghani, bila kuandika jina, kisha kulinganisha maneno na matendo. Mwaka 2015 watafiti walikokota vinasa sauti baharini kando ya pwani yote ya Tanzania. Kwa mwezi mmoja hivi walihesabu milipuko zaidi ya 300.

Matumbawe yakivunjika, mwenye nyavu halali ndiye alalaye njaa. Tusimpangie sheria kwa kuhesabu vichwa vilivyotikiswa mkutanoni.