Dawa za Kisukari, Moyo na Figo

Majirani mlioacha shughuli zenu mwaloni ili mje kuketi nasi, tunawashukuru.

Mwaka 1991 jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha uchunguzi wa Kaushik Ramaiya na wenzake kuhusu jamii saba za Wahindu wa Tanzania. Kisukari kilikutwa kwa takriban mtu 1 kati ya 10, ilhali uchunguzi wa vijijini uliotangulia ulikuta chini ya 1 kati ya 100. Ni hesabu ya zamani, na maradhi haya hayakusimama palepale, majirani wasijitoe.

Wengi wetu hudhani kazi ya dawa ni kushusha sukari tu. Lakini kinachomuua mgonjwa mara nyingi ni moyo, na figo huharibika kimyakimya, mtu angali anabeba gunia lake la dagaa.

Metfomini tunaijua sote. Mwaka 1998 ilionekana kupunguza mshtuko wa moyo kwa wagonjwa wanene. Yenyewe haiharibu figo, ila figo zikichoka kipimo hupunguzwa au dawa husimamishwa.

Glibenklamidi ni habari nyingine. Hushusha sukari hata kama hukula, na figo zikidhoofika hukawia mwilini. Ndiyo maana tunawasihi wanaofunga Ekadashi na Navaratri, na ndugu zetu wa Ramadhani: mwulizeni mganga kabla ya kufunga, wala msimeze kwa mazoea. Mama akitetemeka, akitokwa jasho na kusema yasiyoeleweka, hiyo si ishara ya ibada. Akiwa anaweza kumeza, apewe maji ya sukari papo hapo. Saumu yake imekwisha siku hiyo.

Zipo dawa mpya zaidi. Empagliflozini, mwaka 2015, ilipunguza vifo vya moyo kwa wagonjwa wa kisukari wenye maradhi ya moyo. Dapagliflozini, mwaka 2020, ilichelewesha kuharibika kwa figo, hata kwa wasio na kisukari. Huruhusu sukari itoke na mkojo, na kupunguza mgandamizo ndani ya vichujio vya figo. Ni ghali kwa wengi wetu. Anayetapika, anayehara au anayefunga huenda akaagizwa kuzisimamisha kwa muda.

Asiyezipata asikate tamaa. Kudhibiti presha hulinda moyo na figo pia, na kupima protini katika mkojo kila mwaka huonyesha madhara mapema. Nalo jambo linalotusikitisha ni wavuvi wanaonunua diklofenaki dukani kila mgongo unapouma. Dawa hiyo huzidi kuziumiza figo zilizokwisha dhoofika.

Prasad ya leo ni tamu, basi mwenye kisukari achukue kipande kidogo. Kisha aje mezani, hapo penye kivuli, kupima presha na mkojo, akiwa na pakiti za dawa zake zote, hata za kienyeji. Hatutamgombeza mtu.